Alimvulia Nani Kofia?

Bata ndiye aliyebisha hodi kwanza.

Swichi alikuwa mezani akifunga waya mpya kwenye pasi ya mama yake, bisibisi ameibana kwa meno, mara akasikia mlio nje ya mlango: mlio mnene wa kulalamika, kama lango kubwa lenye bawaba zilizokauka mafuta. Bisibisi ikamdondoka. Mlio ule aliujua. Hapakuwa na bata bukini mwingine chini ya jua aliyelalamika kwa utaratibu ule, mara mbili kwa ufupi, mara moja kwa urefu, kisha kimya cha mtu anayengoja kuombwa radhi.

"Hodi hapa!" ikafuata sauti ya mwanamume.

Na hiyo nayo aliijua. Aliijua kuliko alivyopenda watu wajue kwamba anaijua.

"Karibu!" mama yake alijibu kutoka kwenye cherehani. "Nani mwenzetu?"

"Ni mimi, Mama. Mimi na Bi Mchelewa."

Mama aliacha suruali ya mteja mguu mmoja umeshonwa, mwingine bado, akainuka kama msichana. "Baba Mabata! Ewe mtoto, kumbe u hai? Swichi, fungua mlango, mbona umekaa kama uliyepigwa shoti?"

Swichi akafungua. Baba Mabata alikuwa amesimama kizingitini, shati jeupe limenyooshwa mpaka likapata makali, kapu kubwa mkononi, na kwenye kapu imechomoza shingo ndefu ya bata ikikagua nyumba kama mpangaji aliyeletwa kuona chumba. Mwanamume mwenyewe hakukagua kitu. Alimtazama Swichi, akatazama viatu vyake, akamtazama tena.

"Hujambo, Swichi."

"Sijambo. Hujambo?"

"Sijambo."

Wakakwama hapo wote wawili kama redio iliyoishiwa betri. Bata ndiye aliyewanusuru. Alinyoosha shingo akamdonoa Swichi kifungo cha blauzi, Swichi akaruka nyuma akicheka, na nafasi ya kupita ikapatikana.

Tangu turubai la sarakasi liuzwe na watu wake kutawanyika, walikuwa hawajaonana. Mwenye sarakasi alizeeka, akachoka na barabara, kila mtu akashika njia yake. Baba yake Swichi, Mzee Taa, aliyekuwa fundi wa taa, alihamia nyumba hii na mkewe, mshona mavazi, na binti yao huyu mmoja. Binti alipata kazi kwenye duka la taa mtaa wa pili, kuwajaribishia wateja balbu. Jina la Swichi alipewa na wana sarakasi tangu hajajua kutembea, kwa sababu neno alilolisikia kuliko jina lake halisi lilikuwa: "Mtoto, acha swichi!"

Na Baba Mabata? Huyo ndiye aliyekuwa akiwafunza wanyama: mbwa, punda, ngamia na kikosi cha bata bukini waliomfuata kila aendako, hata msalani. Ndiyo asili ya jina lake, ingawa hakuwa baba wa mtu yeyote.

Swichi alimpenda mwanamume huyu kwa sababu ya kofia.

Mambo yalikuwa hivi. Kila onyesho la wanyama lilipokwisha, Baba Mabata alisimama katikati ya uwanja, ndani ya duara la mwanga, bata wamejipanga nyuma yake. Watu walipiga makofi, lakini yeye hakuwainamia watu. Alivua kofia yake nyekundu, akaiweka kifuani, akainua uso moja kwa moja kuelekea mnara wa mabomba ilikofungwa taa kubwa, akainama. Taratibu. Bila haraka. Kule juu, nyuma ya taa iliyowaka moto kama jiko, glovu za ngozi mikononi na jasho likimtiririka mgongoni, alikuwa Swichi. Naye kila mara alijibu kwa sauti ndogo ambayo hata mbu asingeisikia: "Nimeona."

Mchana Baba Mabata alikuwa mtu mwingine. Alimsalimia Swichi na kutoweka kama paka aliyeiba samaki. Swichi hakujali. Alijiambia kuwa mwanamume anayekutamkia moyo wake jioni mbele ya watu elfu hana haja ya kurudia asubuhi mbele ya kikombe cha chai. Misimu mitatu alikula na kushiba kofia ile. Na hata sasa, kwa ajili yake, alikuwa amekwisha kumkatalia posa mara mbili mwenye duka la taa, mtu mpole, msafi, aliyekuwa akingoja jibu la tatu Jumapili ijayo na ambaye baba yake Swichi alimsifu kila walipokaa kula.

"Shikamoo, Mzee Taa."

"Marahaba, kijana. Keti. Huyo ndege wako muweke mbali na miguu yangu."

Mzee Taa alikuwa kwenye kiti chake cha dirishani. Bi Mchelewa alishushwa, akatembea sakafuni kwa madaha ya bibi harusi, akaenda kujilaza chini ya kiti hichohicho.

"Anakupenda, baba," Swichi akasema.

"Mimi na wanyama tupendane kwa mbali."

Mama akacheka. "Bado tu lile la ngamia?"

"Wewe unaliita 'lile la ngamia' kwa kuwa upara haukuwa wako!" Mzee akamgeukia mgeni. "Ulimfunza nini ngamia yule, kijana? Nimesimama langoni kwa heshima zangu, watu wamepanga foleni, mnyama ananijia nyuma ananiramba kichwa. Ulimi mrefu kama taulo! Watu wakadhani ndiyo onyesho limeanza. Mmoja akaomba lirudiwe."

"Alipenda chumvi, Mzee. Nakuomba radhi kwa niaba yake."

"Miaka imepita."

"Ndiyo kwanza napata nafasi."

Kicheko kikafungua kifua cha kila mtu, na hadithi zikaanza kumiminika. Swichi aliwasha jiko la chai huku masikio ameyaacha sebuleni. Wakakumbuka jenereta lililozimika watu wamening'inia kwenye kamba, Mzee Taa akawamulikia kwa taa za lori mpaka wakashuka salama. Wakakumbuka karatasi za rangi zilizowekwa mbele ya taa, jinsi ile ya kaharabu, ya manjano iliyoiva, ilivyomfanya hata punda aonekane farasi wa mfalme. Wakakumbuka harufu: vumbi lililoungua juu ya taa, maranda ya mbao uwanjani, manyoya ya mbwa yaliyolowa mvua.

"Punda," Baba Mabata akasema, na sauti yake ikawa laini. "Unakumbuka, Mzee, punda alivyokuwa akigoma? Akifika kwenye ukingo wa mwanga anapiga breki. Punda akiona mstari wa mwanga na giza hudhani ni mtaro. Nilimbembeleza, nikamvuta, nikampigia magoti. Halafu jioni moja, bila mtu kuniambia kitu, ukingo ukayeyuka. Mwanga ukafifia polepole kama alfajiri, mstari haupo. Punda akavuka kama anakwenda kwao."

"Enhe," akasema Mzee Taa, akikuna kidevu.

"Na bata huyu! Wenzake wanapita, yeye amebaki nyuma anashangaa viatu vya watu. Taa nyingine ingemwacha gizani. Ile ilimrudia. Ilikwenda mpaka alipo, ikamngoja, ikamchukua, ikaja naye hatua kwa hatua kama mama aliyemsahau mtoto sokoni. Watu walicheka mpaka wakalia. Ile ndiyo iliyomfanya Bi Mchelewa awe nyota. Si mimi niliyemfunza, Mzee. Ni taa."

Swichi aliingia na trei. Mikono yake ilikuwa imara. Mikono iliyozoea kushika taa nzito haitetemeki ovyo. Lakini moyo wake ulikuwa umevaa nguo mpya. Alijua sasa yatasemwa. Mbele ya baba na mama, mchana kweupe, yatasemwa.

"Ndiyo maana kila onyesho nilivua kofia," Baba Mabata akasema. Akainuka kitini, mkono kifuani. "Nilikuinamia wewe, Mzee Taa. Na leo nimekuja kukushukuru kwa mdomo."

Wewe, Mzee Taa.

Vikombe viligongana kwenye trei. Swichi aliiweka mezani kabla haijamwaibisha.

"Nimesahau sukari," akasema.

"Sukari hii hapa," mama yake akasema.

"Nakwenda kuileta," akajibu, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Uani kulikuwa na kamba ya nguo, na nguo zilikuwa bado mbichi, lakini alianza kuzianua. Ilibidi mikono ifanye kitu. Misimu mitatu! Shuka moja. Misimu mitatu anasema "nimeona", kumbe anadaka salamu za mtu mwingine, kama mtu anayeitikia kwa furaha njiani, kisha anageuka na kumkuta nyuma yake yule aliyeitwa. Shuka ya pili. Na mwenye duka la taa, maskini, mtu wa watu, mara mbili ameambiwa hapana kwa ajili ya kofia iliyovuliwa mzee mwenye upara.

Dirishani ilisikika sauti ya baba yake, imejaa mshangao na kicheko.

"Kijana, ngoja. Mimi onyesho la wanyama sijapata kuliona hata moja."

"Vipi, Mzee?"

"Tangu ule ulimi! Wana sarakasi wa kamba ndio nilikuwa nao. Wanyama wakiingia tu, mimi nimeshashuka, niko bandani kwa mama yake huyu nakunywa chai. Huyo punda wako na mtaro wake mimi nilikuwa sijui habari zao. Nilirudi mwisho kuzima mitambo tu. Ulidhani nani alikuwa mnarani?"

Kisha kiti kikaburuzwa. Kisha hatua.

Swichi alijifunika shuka mbichi mpaka mabegani, akajifanya anakunja.

"Nimetumwa sukari," Baba Mabata akasema nyuma yake.

"Iko kwenye trei."

"Najua. Nimeiona."

"Basi rudi ukanywe chai na fundi wako."

"Swichi, ilikuwa wewe."

"Si mimi. Hukusikia ulivyosema? Ilikuwa Mzee Taa. Shukrani umeshazifikisha, safari njema."

"Nisikilize kidogo."

"Nisikilize nini?" Akageuka, na macho yake yalikuwa yamejaa. "Niko juu kule nimeungua vidole, jasho linaingia machoni, na siwezi kupangusa kwa sababu bata wako mmoja ana akili za kwake! Halafu wewe unavua kofia unanitazama. Unanitazama mimi! Nami kama mjinga najibu."

"Ulijibu nini?"

"Sikwambii."

"Ulijibu nini, Swichi?"

"Nilisema 'nimeona'. Haya, cheka."

Hakucheka. Alisimama tu, mikono imemning'inia, uso wake umefunguka kama wa mtoto.

"Aliye ndani ya mwanga haoni kitu," akasema taratibu. "Ni weupe mtupu. Ningejua ni wewe uliye nyuma yake, ningeanguka. Naapa, ningeanguka juu ya bata." Akasogea hatua moja. "Lakini nikuulize jambo. Mpiga ngoma, nilimwinamia?"

"Sijui mambo yako."

"Mpishi je? Mwenye sarakasi mwenyewe, aliyeniajiri, uliwahi kuona nikimvulia kofia?"

Swichi akafikiri. "Hapana."

"Sasa kwa nini fundi wa taa?"

"Kwa kuwa alimvusha punda."

"Hilo nilishukuru mara moja likaisha. Misimu mitatu, Swichi! Mzee Taa alikuwa na kitu nilichokitaka."

"Taa?"

"Binti."

Shuka ikamteleza begani ikaanguka. Hakuiokota.

"Nilijiambia, mzee huyu mgumu," Baba Mabata akaendelea, na maneno sasa yalimtoka mbio kama mbwa waliofunguliwa. "Nikimwendea ghafla atanifukuza mimi na bata wangu. Basi nimzoeshe. Ndiyo kazi ninayoijua. Mnyama humkimbilii. Unampa kitu kidogo kizuri, wakati uleule, kila siku, mpaka akikuona anafurahi mwenyewe. Nikaona nimzoeshe baba yako kunipenda."

"Ulimfunza baba yangu kama mbwa?"

"Mbwa ni mwepesi. Kama ngamia."

"Na yeye hakuwepo."

"Hakuwepo!" Akajishika kichwa. "Misimu mitatu namfunza mtu aliye nyuma ya turubai anakunywa chai!"

Swichi alijaribu kubaki na hasira. Alijaribu kwa nguvu zake zote, akakunja uso, akauma mdomo. Lakini akili ilimletea picha ya baba yake akifunzwa kama ngamia, na kicheko kikampasuka, kikamkamata mbavu mpaka akashika kamba ya nguo. Baba Mabata naye akaanza. Walicheka hadi jirani akachungulia juu ya ukuta, akaona shuka chini na watu wawili wanalia kwa kucheka, akarudi kwake.

"Na mchana je?" Swichi akauliza, akipangusa macho. "Ulikuwa ukinikimbia."

"Ningekutazama vipi mbele ya baba yako? Angesema, kumbe kofia ile ina njaa nyuma yake."

"Basi niambie kitu kimoja ulichokiona kwangu. Kimoja tu, cha mchana. Taa usiitaje."

Hakufikiri hata kidogo. "Ulikuwa ukikaa kwenye tairi la akiba wakati wa kula, mguu mmoja umeukunja, na maganda ya mkate unawapa mbwa wangu ukidhani sioni. Wakanenepa. Yule mdogo akashindwa kupita kwenye pete yake, ikabidi nimtengenezee kubwa zaidi."

"Kwa nini hukunikataza?"

"Ningekukataza, usingekuja."

Swichi akainama kuokota shuka. Aliposimama, Baba Mabata alikuwa ameshika ncha ya pili. Wakaikunja pamoja kama watu wa nyumba moja, ncha kwa ncha, na mikono ilipokutana katikati hakuna aliyeharakisha kuondoa wake. Macho ya Baba Mabata kwa karibu yalikuwa na vitone vya rangi ya asali. Swichi akiwa mnarani hakuwahi kuyaona hayo; mwanga ulikuwa ukiyafumba.

"Nimepata kundi jipya la sarakasi," Baba Mabata akasema kwa sauti ya chini. "Dogo, lakini watu wake ni wa kweli. Tunaondoka Jumamosi. Wananiuliza kama namjua fundi wa taa. Nilikuja hapa kuomba mke. Sasa naona nimekuja kuomba mke na fundi, na sijui nianze na lipi."

"Anza na fundi," Swichi akasema. "Mke atajibu akishasikia masharti."

"Masharti gani?"

"Jina langu litajwe. Mtangazaji akiita taa, aite Swichi. Mimi si kivuli cha baba, na sitakuwa kivuli chako."

"Nitamfunza mtangazaji."

"Kama mbwa au kama ngamia?"

"Huyo, kama punda."

Walipoingia ndani, Mzee Taa alikuwa na kikombe kitupu mkononi. "Sukari imepatikana?"

"Imepatikana," mama akasema bila kuinua macho kwenye suruali ya mteja. "Naiona iko mashavuni mwao."

Baba Mabata hakuketi. Alipiga goti moja, kisha akaona halitoshi, akapiga la pili. Bi Mchelewa akatoka chini ya kiti kuja kuona kumetokea nini.

"Mzee, Mama, sina maneno mengi. Namwomba Swichi. Awe mke wangu, na kama akitaka, awe fundi wa kundi letu. Nitamtunza kwa uwezo wangu wote."

Mzee Taa aliweka kikombe chini. Uchangamfu wote ulimtoka, uso ukabaki wa baba mtupu.

"Simama, kijana. Wewe ni mtu mzuri. Nimecheka leo kuliko nilivyocheka mwaka mzima. Lakini hapana."

"Baba," Swichi akaanza.

"Nimesema hapana, mwanangu. Nisikie." Akaelekeza kidole kwa mkewe. "Huyu nilimzungusha barabarani ujana wake wote. Wewe alikuzaa bandani juu ya lundo la mavazi, nje mvua, turubai linavuja. Siku ile niliapa: mtoto huyu atakuwa na mlango. Mlango wa mbao, wenye kitasa, asubuhi akiamka uko palepale alipouacha jana. Nikampa mama yake pia, ingawa nilichelewa. Sasa uniombe nikurudishe turubaini? Mwenye duka la taa ana mlango."

"Ana milango mitano," mama akasema. "Yote ya duka."

"Mke wangu, sifanyi mzaha. Sitaki ateseke kama ulivyoteseka."

Cherehani ikanyamaza.

"Nani alikuambia niliteseka?" mama akauliza.

Mzee Taa akamtazama. "Hakuna aliyeniambia. Niliona. Hukuwahi kulalamika hata siku moja."

"Sikulalamika kwa sababu sikuwa na la kulalamikia!"

"Siku tuliyohamia hapa ulilia. Ulisimama pale pale, ukashika kitasa, ukalia. Nikasema moyoni, hatimaye nimempumzisha."

"Nililia kwa kuwa tumefika, safari zimekwisha!" Mama akainuka, uzi unamning'inia mdomoni. "Kila onyesho wanyama wakiingia, ulikuja bandani kwangu. Nakumiminia chai, tunakaa juu ya sanduku moja la nguo kwa kuwa viti hatuna. Upande wa pili wa turubai watu wanacheka, na mimi najua anayewachekesha ni mwanangu na taa yake. Wewe husemi kitu. Unanishikia sindano. Sasa tuna viti sita, mume wangu. Wewe umechukua cha dirishani, mimi cha cherehani. Nimekaa hapa kwa sababu niliona umechoka na barabara."

"Mimi?" Sauti ya Mzee ikawa ndogo. "Mimi nimekaa hapa kwa ajili yako."

Wakatazamana. Swichi hakuwahi kuwaona wazazi wake wakitazamana namna ile. Alitaka kugeuza uso, akashindwa.

"Wajinga wawili," Mzee Taa akasema hatimaye.

"Wenye kitasa," mama akamalizia.

Kicheko cha Mzee kilianza tumboni, kikapanda polepole, kikamtikisa mabega. Alipomaliza alijipangusa macho kwa kiganja na kumgeukia binti yake.

"Wamesema wote hapa, mpaka bata. Wewe bado. Usinitazame mimi wala yeye. Unataka nini?"

Swichi alikuwa amezoea kuwamulikia wengine wakati wa kusema kwao. Sasa macho yote yalikuwa kwake. Lakini maneno alikuwa nayo.

"Nataka kwenda, baba. Namtaka yeye, na nataka kazi yangu, vyote viwili. Nikibaki hapa nitakuwa na mlango mzuri, na kila siku nitasimama nyuma yake nikisikiliza malori yanayopita. Nikiumia huko, nitakuwa nimeumia nikifanya nililolipenda. Mwenye duka nitamwambia mwenyewe, kwa heshima. Nyumba hii sitaisahau. Ila usinipe pumziko ambalo sijaliomba."

Mzee Taa aliinuka. Akaenda mpaka mlangoni, akasimama akiwapa mgongo, na Swichi akaona mkono wa Baba Mabata ukitafuta kofia ambayo hakuja nayo. Mama akatikisa kichwa kidogo: ngojeni.

Mzee akarudi. Alikishika kiti chake cha dirishani, akakikokota sakafuni kwa kelele, akakiweka mbele ya kijana, goti kwa goti. Akaketi. Akakunja mikono ya shati.

"Hilo lori mnalosafiria," akasema kwa ukali, "breki zake zikoje?"

"Breki, Mzee? Ni nzima. Zimebadilishwa juzi."

"Zimebadilishwa na nani? Ulikuwepo? Uliona kwa macho yako?"

"Niliona, Mzee. Nilimshikia fundi spana."

"Na dereva? Analala vya kutosha? Mteremkoni anatumia gia au anategemea breki? Usinijibu haraka haraka, nijibu vizuri."

Baba Mabata akaanza kujibu vizuri, jasho linamtoka, akieleza gia moja baada ya nyingine kama mwanafunzi mbele ya mwalimu. Mama aliweka mkono mdomoni. Swichi aliegemea meza, machozi na kicheko vimemjia kwa pamoja, wala hakuvizuia. Alimjua baba yake. Neno "ndiyo" lilikuwa gumu kinywani mwake tangu ujana. Lakini maisha yake yote hajawahi kuuliza breki za gari asilopanda mtu wake.